Uzi wa muziki wa mvumo: tunasikilizaje albamu ya saa nzima isiyo na ngoma wala mwimbaji, hapa hapa Dar?

#1 Kisiki cha Mpingo

Wakuu, habari za usiku.

Juzi kwenye uzi wa singeli mdau mmoja aliuliza kama kuna muziki wa upande wa pili kabisa, usio na ngoma wala mwimbaji, unaokaa kwenye mlio mmoja nusu saa. Nilitaka kumjibu pale pale nikaona nitaharibu uzi wa watu. Upo, mkuu. Naishi nao mwaka wa nane sasa, chumba cha kupanga Buguruni. Nimefungua uzi wake ili tuliopo tujuane.

Tuanze na jina, maana linapoteza watu. Wazungu wanauita drone, neno lile lile la ndege zisizo na rubani, kwa hiyo ukitafuta mtandaoni kwa neno hilo tupu unaletewa video za harusi zilizopigwa kutoka angani. Sisi tuna neno tangu zamani: mvumo. Upepo huvuma, nyuki huvuma, bahari huvuma, ngoma ya kijiji cha pili huvuma. Nitasema mvumo, na ule upande wake laini, wa kukaa nyuma ya shughuli za nyumbani, nitauita ambienti kama wengi wanavyosema.

Anayeusikiliza mara ya kwanza hungoja wimbo uanze. Dakika ya tatu anatazama simu asije akakuta imeganda. Wengi huachia hapo. Ukivuka hapo sikio linachoka kungoja, linaanza kutafuta, na likitafuta linakuta vitu. Chapa uzi mnene wa gita uuache ufe wenyewe. Mwanzoni unasikia mlio mmoja mzito. Ukituliza sikio, juu yake kuna mwembamba zaidi, na juu ya huo mwingine mwembamba kama mluzi. Mlio wa mitetemo 100 kwa sekunde umebeba ndani yake 200, 300, 400 na kuendelea, kila mmoja na nguvu yake. Watunzi wa mvumo hufanya kazi humo ndani. Wanauinua mmoja, wanaushusha mwingine, polepole kiasi kwamba hujui ulipobadilika. Tena weka milio miwili pamoja, mmoja wa mitetemo 100 na mwingine 101. Husikii miwili. Unasikia mmoja unaopumua, unajaa na kupungua mara moja kila sekunde. Mara ya kwanza kuusikia ule mpumuo nilivua hedifoni nikidhani ni mapigo ya moyo wangu.

Sasa lililonifanya nifungue uzi. Miaka miwili ya mwanzo nilisikiliza vibaya kwa sababu nilikuwa nangoja kimya. Nilishasoma kwamba muziki huu unataka chumba tulivu, basi nikawa naamka saa nane usiku, nafunga dirisha, nazima feni, naloa jasho, nawakasirikia mbwa wa watu. Buguruni haina kimya. Tuna reli, tuna mafundi wa kuchomelea mageti, tuna baa, na adhana za misikiti mitatu zinafika kitandani kwangu, kila moja ikiwa imeanza kwa wakati wake.

Jioni moja ya Februari joto lilinishinda. Niliacha panga boi lizunguke, nikaweka albamu kwa sauti ya chini, nikajilaza. Kama dakika kumi baadaye sikuweza tena kutenganisha. Feni ilikuwa imeingia ndani ya muziki na muziki ndani ya feni. Kisha treni ya Pugu ikapita, dirisha likatetemeka, mlio ukavutika kuelekea Vingunguti mpaka ukaisha, na nilipoufuata mpaka mwisho wake nikakuta albamu inaendelea pale pale ulipoishia. Nilikaa wima kitandani. Nilijua nimepoteza miaka miwili.

Albamu yenyewe ilikuwa Discreet Music ya mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, ya 1975. Baadaye ndipo nilipojua kisa chake. Mwanzoni mwa mwaka ule Eno aligongwa na gari London, akawa wa kitandani. Rafiki alimletea sahani ya muziki wa kinubi wa karne ya 18. Akaiweka kwa taabu, akarudi kujilaza, ndipo akagundua sauti iko chini mno na upande mmoja wa stirio haufanyi kazi. Hakuwa na nguvu ya kuinuka. Nje mvua inanyesha. Basi akasikiliza hivyo hivyo, kinubi kikiwa kimezama ndani ya mvua, na hapo akasikia namna nyingine ya kutunga. Kwa hiyo hata kwa huyo aliyekuja kuupa muziki huu jina la ambienti, mlango ulifunguliwa na mvua ya nje.

Miaka mitatu baadaye, 1978, alitoa Music for Airports. Nawaomba msikilize kipande cha pili, chenye sauti za watu zinazoimba noti moja moja bila maneno. Kila noti iko kwenye mzingo wake wa kanda, yaani kipande cha kanda kilichounganishwa ncha kwa ncha ili kijirudie. Mmoja unajirudia kila sekunde 23 na nusu, mwingine sekunde 25 na ushee, mwingine karibu 30. Kwa kuwa urefu haulingani, hazikutani mara mbili kwa namna ile ile. Sisi tunalijua hili. Mvua ya masika ikikatika, kaa barazani usikilize matone ya kwenye kingo za bati. Tone la huku lina mwendo wake, la kule mwendo wake, moja linaangukia ndoo, jingine kwenye mchanga. Hakuna anayepiga, na bado ukisikiliza kwa dakika tano unaanza kungojea tone fulani.

Na msidhani huu ni wa Ulaya na Marekani tu. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejiita KMRU, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwimbaji mkubwa wa Kikuyu, alitoa albamu iitwayo Peel mwaka 2020. Hurekodi sauti za mitaani na majumbani, kisha huzivuta mpaka zinakuwa mvumo. Kipande kilichobeba jina la albamu kina zaidi ya dakika 20. Ndani yake kuna kitu kinachokaribia kuwa mtaa wa kwetu, kama unaousikia ukiwa na homa, ndani ya chumba, saa tisa alasiri. Kwangu ndiyo albamu bora ya mvumo iliyotoka upande huu wa dunia.

Hata nyumbani chimbuko lipo. Waliokulia kwenye zikiri wanajua pumzi za watu arobaini zinavyokuwa sauti moja. Waliowahi kukaa karibu na ilimba ya Wagogo, ile ala ya vyuma vya kuchapa kwa vidole, wanajua kwamba baadhi ya vyuma vyake havichapwi kabisa. Vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe jirani zao wanapochapwa.

Karibuni. Mnasikiliza nini, na mnasikilizia wapi?

#2 Mwana wa Temeke

Mkuu nimeifungua hiyo ya 1975, nimefika dakika ya 12. Naomba nisieleweke vibaya, nauliza kwa nia njema kabisa. Friji langu hapa jikoni linatoa sauti inayofanana. Tofauti ya huu muziki na friji ni nini?

#3 Kisiki cha Mpingo

Mwana wa Temeke, ulivyofika dakika ya 12 umewashinda wengi. Na swali lako ndilo lenyewe.

Friji lako kweli lina noti. Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, na vifaa vyenye koili na chuma, transfoma na mota, huvuma kwa mara mbili yake, yaani mitetemo 100. Kwenye kinanda hiyo inaangukia juu kidogo ya sol ya chini. Marekani umeme wao ni 60, kwa hiyo transfoma zao huvuma 120, karibu na si. Maana yake Temeke na New York haziko kwenye noti moja.

Na huko ndiko mvumo wa kisasa ulikoanzia. La Monte Young, mtunzi wa Marekani, alizaliwa 1935 katika kibanda cha magogo, kijiji cha Bern, jimbo la Idaho. Amesimulia kwamba sauti za mwanzo anazozikumbuka ni upepo kwenye kuta za kile kibanda, na baadaye mvumo wa transfoma na nguzo za umeme. Alipokua akatunga kazi ya nyuzi tatu, mwaka 1958, iliyojaa noti zinazoshikwa kwa muda mrefu mno na kimya kirefu kati yake. Mwaka 1960 akaandika utunzi wenye noti mbili tu, na agizo kwamba zishikwe muda mrefu. Basi.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii. Friji halijasikiliza. Mtunzi amekaa na ule mvumo siku na siku, akaamua huu mwembamba wa juu uingie hapa, ule wa chini uondoke bila mtu kujua. Ukisikiliza unafuata sikio la mtu mwingine lilikopita. Lakini nakiri, baada ya miaka hii, hata friji nalisikiliza.

#4 Binti Upanga

Nimefurahi kuuona uzi huu. Mimi nilikulia ndani ya mvumo bila kujua kwamba una wapenzi wake.

Bibi yangu aliimba bhajani, nyimbo za ibada za Kihindu, kila jioni, sebuleni kwetu Upanga, na mjomba alikuwa anapiga tanpura nyuma yake. Kwa wasioijua, ina nyuzi nne na haipigi wimbo. Zinachapwa moja moja, polepole, bila kukatika, tangu mwanzo mpaka mwisho, na mwimbaji anatembea juu yake. Siri yake iko pale nyuzi zinapokalia mfupa. Chini ya kila uzi, juu ya ule mfupa, unapitishwa uzi mdogo wa pamba. Mjomba alikuwa anausogeza kwa ncha ya kucha, kidogo sana, mpaka uzi mkubwa unaanza kulia kama nyuki. Nilikuwa na miaka sita, nimelala chali sakafuni kwenye terazo baridi, kichwa karibu na kibuyu cha tanpura. Nilikuwa nasikia watu wanaimba ndani yake. Nilimwambia bibi kuna wanawake ndani ya kibuyu. Hakucheka, alisema sikiliza wanasema nini.

Ile milio ya juu aliyoieleza Kisiki ndiyo wale wanawake wangu.

La Monte Young aliyemtaja alikuja kuwa mwanafunzi wa mwimbaji wa Kihindi, Pandit Pran Nath, kuanzia 1970, na alikaa naye miaka mingi. Kwa hiyo mnaposikiliza mvumo wa Marekani, tanpura imo.

Sasa hivi tanpura yetu imepasuka kibuyu, mjomba hayupo. Nina kisanduku cha umeme kinachotoa sauti yake, nakiwasha nikipika. Si kitu kile kile, ila nyumba inakuwa nyumba.

#5 Fundi Kanda

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nimetengeneza redio na deki Kariakoo tangu enzi za kaseti. Muziki wenu huu siufahamu sana. Kijana wangu alinisikilizisha kitu kimoja nikashindwa kulala, nikasema niulize hapa. Kanda inayojirudia huku inakufa. Mzungu mmoja.

#6 Kisiki cha Mpingo

Shikamoo mzee wangu. Bila shaka ni The Disintegration Loops ya William Basinski, mtunzi wa Marekani. Alikuwa na mizingo ya kanda aliyoitengeneza miaka ya 1980. Mwaka 2001 akataka kuihamishia kwenye kompyuta isipotee. Akaweka mzingo kwenye mashine ukawa unazunguka, akaona unga unadondoka. Kila mzunguko kanda inapoteza kipande cha sauti. Akaacha izunguke na kurekodi mpaka mwisho. Kipande cha kwanza kina kama saa moja na dakika tatu. Mwanzoni unasikia kitu kama tarumbeta na tungo fupi ya sekunde chache, mwishoni mabaki tu. Alikuwa anaishi Brooklyn, na jioni ya Septemba 11, 2001 alipiga video ya moshi juu ya Manhattan kutoka darini mpaka giza likaingia, ndiyo akaiunganisha na muziki huo.

Mzee, wewe ndiye wa kutueleza huo unga.

#7 Fundi Kanda

Marahaba mwanangu.

Ndiyo huyo. Kanda ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, umeshikwa na gundi. Sauti yote imo kwenye ule unga. Plastiki haina kitu. Gundi ikizeeka unga unaachia, na joto na unyevu wa pwani huu wa kwetu ni adui yake mkubwa. Nimefungua kaseti nyingi Kariakoo nikakuta kichwa cha deki kimejaa vumbi la kahawia. Mteja anasema fundi, safisha deki, ni chafu. Nilikuwa nasafisha kwa spiriti na pamba, naifuta, naitupa ile pamba. Miaka mingi nimefanya hivyo.

Alipokuwa ananisikilizisha kijana nikaelewa nilichokuwa nakitupa. Ile kahawia kwenye pamba ilikuwa ni muziki. Ni sauti ya mtu. Bendi zetu zilirekodiwa Redio Tanzania kwenye mikanda mikubwa ya rili, nyumbani watu wakanakili kwenye kaseti, kaseti zikaja kwangu.

Kaseti inatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Rili ya studio inatembea sentimita 19 au 38. Kwa hiyo kwenye kaseti kipande chenye urefu wa ukucha kikidondoka umepoteza robo ya sekunde, na kwa mwimbaji hiyo ni silabi nzima. Huyu bwana kwenye albamu yake unasikia zinavyoondoka moja moja. Noti ya mwisho ya ule wimbo mfupi ndiyo niliyokuwa naifuata. Kila ikizunguka nasema imo, imo. Halafu haimo.

Nina kaseti ya marehemu mke wangu anaongea na watoto, mwaka 1991. Nimempa kijana aihamishe wiki hii.

#8 Bando Limeisha

Mzee Fundi, Mungu akutunze. Wakuu, nauliza upande wa matumizi. Saa nzima ya muziki si inamaliza bando?

#9 Kisiki cha Mpingo

Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde saa moja inakula kama MB 58. Kwa 320 ni kama MB 144. Video ni zaidi sana, usisikilizie kwenye video kama huna sababu. Mimi napakua nikipata intaneti ya bure ofisini, nasikiliza nje ya mtandao.

Ubora una maana kwenye muziki huu kuliko bongo fleva, maana faili linapobanwa sana ile milio myembamba ya juu ndiyo inayoumia kwanza, na kwetu hiyo ndiyo chakula chenyewe. Na jambo jingine: spika ya simu haitoi besi. Nusu ya albamu hutaisikia. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha kabisa. Zima tu vile vikorombwezo vya kuongeza besi.

#10 Mkaa Msikitini

Assalaam aleykum ndugu zangu. Nimesoma uzi kwa furaha, ila kuna jambo moja nalisema kwa upole. Kisiki, umeweka zikiri kwenye mnyororo mmoja na muziki. Zikiri ni ibada. Zile pumzi zina jina ndani yake, na anayevuta pumzi ile hatafuti sauti nzuri. Uzuri wake unasikika kwa aliyekaa pembeni. Aliyemo ndani hausikilizi.

#11 Kisiki cha Mpingo

Waaleykum salaam sheikh. Umenisahihisha na nimekubali. Nilikuwa nasema kama mtoto aliyekaa mlangoni akisikiliza, maana ndivyo nilivyokuwa. Ilikuwa haki yangu kusema nilisikia nini pale mlangoni. Haikuwa haki yangu kusema wao walikuwa wanafanya nini. Shukrani.

#12 Zamu ya Usiku

Mimi ni mlinzi, nyumba moja huko Masaki, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Naweka hedifoni sikio moja tu, jingine la kazi. Nilianza na nyimbo za kawaida, nikaona zinanificha. Mwizi akija kwenye kiitikio simsikii. Mvumo haunifichi. Ukiuweka chini kabisa unakuwa kama ardhi tambarare, kitu chochote kikikanyaga juu yake nakijua. Paka ukutani, geti la jirani, nazi ikidondoka. Nasikia zaidi kuliko nikiwa bila kitu.

Albamu yangu ni Deep Listening ya Pauline Oliveros, mpiga akodiani wa Marekani, na wenzake wawili, ilitoka 1989. Wameshuka ndani ya tangi la maji la zamani, tupu, lililochimbwa mita nne na zaidi chini ya ardhi, jimbo la Washington. Mule ndani ukipiga mlio mmoja mwangwi unakaa sekunde 45. Wana akodiani, tromboni, sauti zao. Anayepiga anaongozana na alichopiga karibu dakika moja iliyopita. Hujui mtu ni yupi na tangi ni lipi.

Nilipoisikia nilijua mara moja ni nini, kwa sababu hapa kazini kuna simtanki la lita 5,000, na siku linasafishwa huwa naingiza kichwa. Ukiimba noti yoyote tangi linakaa kimya. Ukipanda polepole, ukipanda, kuna noti moja linaitikia mpaka meno yanatetemeka. Moja tu. Mwenzangu wa zamu ya mchana analo la lita 2,000 kwao Mbagala, noti yake iko juu zaidi. Jaribuni ya kwenu, ila likiwa tupu na mfuniko wazi.

#13 Mama Wawili

Kisiki, nakubaliana nawe kwa mengi. Hapo kwenye kimya napingana nawe.

Kuna muziki unaovumilia feni na treni. Ya Eno inavumilia, ilizaliwa hivyo. Ila mweke mtunzi Éliane Radigue na panga boi uone. Hutamsikia. Mama huyu alizaliwa Paris mwaka 1932, na kwa miongo kadhaa alifanya kazi na mashine moja ya kutengeneza sauti kwa umeme, ARP 2500, bila kibodi, kwa kuzungusha vitufe polepole sana na kurekodi kwenye kanda. Kazi yake kubwa, Trilogie de la Mort, ina sehemu tatu zinazokaribia saa tatu kwa jumla. Sehemu ya kwanza ni ya 1988, ya mwisho ya 1993. Katikati yake, 1989, mwanawe alifariki kwa ajali ya gari. Aliendelea mpaka akaimaliza.

Mama yangu alifariki mwaka juzi mwezi wa sita. Baada ya arobaini nyumba ilijaa watu bado, kila mtu anataka nile, nipumzike, niongee. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, kabla hakujapambazuka, kabla ya adhana, wakati ambao hata Sinza inalala. Ni kama saa moja tu hivi. Nilikaa sebuleni gizani na ile sehemu ya kwanza, spika ndogo, sauti ya chini. Hakuna kinachotokea. Halafu unagundua kwamba kilichokuwepo hakipo, na hukukiona kikiondoka. Ndivyo alivyoondoka mama. Nilikuwa nimemshika mkono na sikujua ni pumzi ipi.

Siwezi kuruhusu feni iingie humo. Saa moja ile ya usiku ipo, hata Dar. Iko fupi, na inahitaji kuamkiwa.

#14 Kisiki cha Mpingo

Dada, pole sana. Mungu ampumzishe mama.

Nimesoma mara tatu. Nilikuwa nimeandika kana kwamba kimya ni kitu cha kujidai, kwa sababu kilinitesa mimi. Radigue nilimjaribu mara mbili tu na feni inazunguka, nikasema hana kitu. Feni ndiyo iliyommeza. Nitaamka.

#15 Bando Limeisha

Stars of the Lid je? Nimependekezewa na mtandao baada ya kusikiliza Eno.

#16 Zamu ya Usiku

Anza na The Tired Sounds of Stars of the Lid, ya 2001. Wawili wa Austin, Texas. Gita zimevutwa hadi si gita tena, na ala za kupuliza na fidla. Ni saa mbili. Usiimalize siku moja. Mimi naipenda kati ya saa tisa na saa kumi na moja, mwili unapotaka kusinzia.

#17 Mwana wa Temeke

Wakuu nimerudi.

Jana usiku niliweka Discreet Music upya, simu juu ya meza ya jikoni, maana mke na mtoto wamelala chumbani. Nilikuwa naosha vyombo. Nikamaliza vyombo, nikakaa. Kama dakika ya 20 hivi umeme ukakatika. Simu inaendelea, ina chaji. Lakini muziki uliharibika. Ulibaki unaelea, hauna chini. Nikadhani betri inaisha, nikaangalia, asilimia 70. Nikakaa gizani najiuliza kimetoka nini kwenye huu wimbo.

Ni friji. Friji ndilo lililokuwa noti ya chini, na mimi nilikuwa nimeshalihesabu humo.

Niliurudisha wimbo mwanzo nikausikiliza bila friji mpaka mwisho. Ni mwingine. Ni mwepesi, na kuna kitu cha juu sikuwa nimekisikia kabisa, kama filimbi mbili zinajibizana, moja inachelewa. Umeme ulirudi saa saba kasoro, friji likashtuka likaanza, nikiwa bado nimekaa pale.

Dada Mama Wawili, ile sehemu ya kwanza ya Radigue inaitwaje? Nataka kuipakua kabla bando halijaisha saa sita usiku.

#18 Mama Wawili

Kyema, kaka yangu. Ni saa moja na kidogo. Zima friji kwanza.